Akala Iliyolika Mbele

Nikizipanga siku za ujana wangu, mwanangu, iko Jumanne moja inayojitokeza mbele hata nisipoiita. Asubuhi ya siku hiyo niliamka nikijiona daktari. Sikuwa daktari. Nilikuwa kijana wa kujifunza kazi ya dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ya wenyeji hapa Eldoret, mji ambao enzi hizo za masetla, walowezi wa Kizungu, watu wa huku waliuita Sisibo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchemsha mikasi na kukunja bandeji. Lakini nilikuwa nimepewa nyundo ndogo ya mpira ya kupimia magoti, nami niliichomeka kwenye mfuko wa shati, mahali pa kalamu, ili kila apitaye aione.

Umekuja hapa Kimumu kuniaga, mjukuu wangu, na nimefurahi. Unasema muhula huu, katika masomo yako ya udaktari, mnaingia kwenye magonjwa ya mifupa, viungo, misuli na neva. Nilikifungua kile kitabu chako ulipokuwa jikoni, usinikasirikie. Ni kizito, kina picha nzuri za rangi, na neva zimechorwa manjano. Nilitafuta neva moja ninayoijua, nikaikuta palepale nilipoiacha. Nikacheka peke yangu.

Sisi hatukuwa na kitabu cha namna hiyo. Tulikuwa na sanduku moja la mbao lenye mifupa ya mtu mmoja. Daktari wetu, Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi, alitufundisha kila Jumatano baada ya chakula cha mchana. Alitoa mfupa, akauweka mezani, akauliza kama ni wa kulia au wa kushoto. Mimi niliomba mifupa ya wayo, nikaenda nayo nyumbani ndani ya kopo la biskuti, vipande ishirini na sita, nikawa naipanga sakafuni na kuipangua. Mwenzangu wa chumba alivumilia siku mbili, ya tatu akahama, na mpaka leo sijui alihamia wapi.

Kilichoniteka zaidi ilikuwa ile nyundo. Unamketisha mtu, mguu unaning'inia, unagonga kidogo chini ya pia ya goti, na mguu unaruka wenyewe. Ni nani kauambia uruke? Si mwenye mguu, maana hata akikataa unaruka. Daktari alisema habari hupanda kwa neva mpaka kwenye uti wa mgongo, na jibu hushuka hapo hapo bila kupita kichwani. Nilitembea na neno hilo wiki nzima. Kumbe ndani ya mtu kuna mazungumzo ambayo mwenyewe hakualikwa. Nikagonga goti la mpishi, la mlinzi, la mwalimu wa kwaya. Mama aliyetuletea maziwa akaniambia nikimsogelea tena na hicho kitu atanimwagia kibuyu kizima.

Mlangoni mwa chumba cha matibabu lilikuwako benchi, na kwenye benchi hilo alikaa Mzee Paulo. Huyo alikuwa dresa mkongwe kuliko wote. Alianza kufunga vidonda alipokuwa mbeba mizigo katika vita vya kwanza vya dunia, na hakuacha. Alijua kusoma jina lake na alama za chupa za dawa, basi. Mimi nilikuwa nimepita shule ya misheni kule kwetu Bukusu na Kiingereza nilikijua. Nilimsalimu kwa heshima kila asubuhi, na moyoni nikamdharau. Nalisema waziwazi kwa sababu hilo ndilo kosa la kwanza, na yale mengine yalizaliwa nalo.

Chumba chetu kilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa, na Daktari hakutaka tope juu yake. Kwa hiyo kila mgonjwa alivua viatu mlangoni. Wengi walivaa akala, zile ndara zinazokatwa kutoka tairi kuukuu la gari. Zilipangwa mstari mmoja mbele ya benchi la Mzee Paulo, na kila mtu alizichukua zake akitoka. Kumbuka hilo.

Jumanne hiyo Daktari alikuwa ameitwa upande wa Turbo. Aliacha neno kwamba wagonjwa wepesi niwaandike mimi, na wazito wamngoje yeye. Mnamo saa nne akafika nyapara wa shamba moja la setla lililo njia ya Kaptagat, na nyuma yake mwanamume wa makamo aliyeitwa Arap Koros. Koros alikuwa skwota. Alifanya kazi ya setla, naye akaruhusiwa kujenga nyumba na kulisha ng'ombe wake wachache kwenye ardhi ile. Kazi ikikoma, ruhusa nayo inakoma.

"Bwana anataka karatasi," nyapara akasema. "Huyu anasema mguu imekufa, kazi hawezi. Kama ni mgonjwa, andika. Kama ni mvivu, andika. Kama ni mvivu, atatoka na bibi na watoto na ng'ombe, na nyumba tunabomoa."

Nilimketisha Koros juu ya meza. Nikamuuliza anaumwa wapi.

"Haiumi," akasema. "Inakataa."

"Inakataa nini?"

"Kuamka." Akapitisha kidole kutoka kando ya goti la kulia, upande wa nje, kikashuka ugokoni mpaka juu ya wayo. "Na hapa nasikia kama si yangu."

Mwanangu, mtu yule alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chako, na mimi sikusikia hata neno. Nilikuwa nangoja amalize nianze kazi yangu. Nilipapasa mfupa, haukuvunjika. Viungo havikuvimba. Homa hakuna. Mdomo haukwenda upande, mkono ulishika vizuri, kwa hiyo si kiharusi. Kisha nikatoa nyundo yangu, nikagonga goti, na mguu ukaruka vizuri sana, almanusura unipige kifuani. Nikafurahi. Neva inafanya kazi, nikajiambia. Mfupa mzima, neva nzima, basi mguu ni mzima, na mtu mwenye mguu mzima asiyetaka kazi sote tunajua anaitwaje.

Niliandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kulazwa niliojivunia, kwamba hana ugonjwa na kazi anaiweza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuwa wameiona kalamu yangu.

Na hili nalo ulishike: sikumwona Koros akitembea. Aliingia nimeinamia daftari, akatoka nimeinamia daftari.

Walipokwisha kwenda, Mzee Paulo aliinuka kutoka kwenye benchi lake akaingia taratibu.

"Kijana, yule mtu ya mguu umemwandikia nini?"

"Ni mzima, Mzee."

"Mzima." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Akala yake umeona?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia kwamba katika masomo yetu hakuna somo la akala.

Hakukasirika. Alikwenda jikoni akarudi na karai la maharagwe. "Mpishi anataka hii itolewe mawe. Chuchumaa hapo kwa kona. Usikalie kitu, na usisimame mpaka niseme." Mzee akikutuma huulizi, hata kama unamdharau, tulilelewa hivyo. Nikachuchumaa. Mwanzoni niliona ni adhabu ya kitoto. Baadaye magoti yakaanza kulalamika. Kisha mguu wa kulia ukaanza kuchomachoma, na baada ya hapo ukanyamaza kabisa, nikawa sijui uko wapi. Mzee Paulo alikuwa anafunga vidonda vya watu bila kuniangalia. Alifunga vitatu, akafunga vinne, akanawa mikono.

"Simama."

Nilisimama, mguu ukakataa, nikaanguka chini na maharagwe yote. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lilikufa ganzi tu, na wagonjwa waliokuwa benchini wakapata cha kucheka mpaka Krismasi.

Mzee Paulo akainama pale pale sakafuni. Akatafuta mahali kwa kidole chake, kando ya goti, upande wa nje, chini kidogo ya kile kifupa kinachochomoza. Akabonyeza, akabingirisha kitu chembamba kama uzi wa kushonea gunia. Mshtuko ukashuka mpaka kidole gumba.

"Hii ndiyo inaamsha mguu," akasema. "Inapita juu ya mfupa, nyama ya kuifunika hakuna. Ukichuchumaa sana inabanwa. Wewe umechuchumaa asubuhi moja, na umekula ukashiba. Yeye je?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba wakati Koros alipokuwa akivua viatu, Mzee Paulo alimuuliza habari. Koros alikuwa mtu wa ng'ombe maisha yake yote. Miezi michache nyuma alishikwa na homa iliyomkondesha akabaki mifupa. Alipopata nafuu, setla akamtoa kwenye ng'ombe akampeleka kwenye vitalu vya miche ya miti, kung'oa magugu, kuchuchumaa tangu asubuhi mpaka jioni, siku sita za wiki. Mzee Paulo alimwangalia ngozi pia, akatafuta mabaka ya ukoma, maana ukoma nao huua neva hiyo hiyo. Hakukuwa na baka.

"Na akala yake ya kulia imelika mbele, kwa kidole, mpaka nyuzi ya tairi inaonekana. Ya kushoto ni nzima. Mguu inaburuta, kijana. Imeburuta wiki nyingi. Mtu anaweza kudanganya daktari nusu saa. Tairi ya lori atadanganya namna gani?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Nilikuwa nangoja uniulize. Hiyo nayo ni kosa yangu." Mpaka leo sijasikia mkubwa mwingine akiligawa kosa la mdogo wake namna hiyo.

Sikuwa na raha tena. Barua ilikuwa imekwenda na nyapara, na Daktari hangerudi mpaka kesho yake. Nilijua pia kwamba mwezi uliofuata nilikuwa nifanye mtihani wa kuwa dresa kamili, na kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Mzee Paulo hakuwa mtu wa kushtaki. Niliwaza hivyo, mwanangu, sikufichi. Niliwaza hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini kila nilipopiga hatua nilikuwa nausikia ule mguu wangu, haujapona vizuri, na nikamwona mtu wa watu anatoka na bibi na watoto.

Mficha uchi hazai. Jumatano, Daktari alipofungua sanduku la mifupa, nilisimama mbele ya wenzangu nikamweleza yote. Akauliza, "Neva ipi huinua wayo?" Nikamwambia najua mahali pake, jina lake silijui. Akaniuliza nyundo huamsha neva ipi inapogonga goti. Hilo pia sikulijua. Akatueleza sote kwamba neva inayolirusha goti hupita mbele ya paja, na ile inayoinua wayo hupita nyuma ya goti ikazunguka upande wa nje. Ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Nilikuwa nimebisha hodi kwa mmoja nikaandika habari za mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na dalili moja haimjui mgonjwa.

Kisha Daktari akatoka, akaenda akakaa kwenye benchi na Mzee Paulo, wakazungumza. Aliporudi aliandika barua mpya kwa mkono wake. Akanikabidhi, akasema niipeleke mwenyewe, na kwamba mtihani wangu utangoja mwaka mmoja. Alilisema bila hasira, na ndiyo maana liliniuma.

Nilichukua baiskeli ya hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya Kaptagat ilikuwa tope tupu. Sehemu nyingine baiskeli ilinibeba, sehemu nyingine niliibeba mimi. Nilipofika nikakuta nyapara hakungoja. Nyasi za paa zilikuwa chini, kuta zimesukumwa, na boriti zimelala huku na huku. Koros alikuwa akiwakusanya ng'ombe, na kila hatua aliinua goti juu sana ili wayo usikwame, kisha wayo ukapiga chini, pa. Ningemwona hivyo akitoka mlangoni kwangu, nisingehitaji nyundo.

Mkewe, Mama Chebet, alikuwa amekaa juu ya ngozi iliyokunjwa, katikati ya vyungu na vibuyu. Alinitazama mimi na shati langu jeupe.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, Mama."

"Karatasi yako ilikuwa ndogo," akasema. "Nyumba ilikuwa kubwa."

Nikatoa barua mpya mfukoni. Nyapara aliichukua barua akaipeleka kwa setla, sisi tukangoja. Aliporudi alisema Koros akae, arudi kwenye ng'ombe, vitalu atafutiwa mtu mwingine. Hakuna aliyesema pole. Na nyumba haikusimama yenyewe kwa sababu ya barua ya pili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nikaanza kwenda huko kila Jumapili baada ya kanisa. Nilikata nyasi, nikakanyaga udongo, nikashika boriti Koros akifunga. Mama Chebet alinipa kazi bila kuniita jina. Na nisiseme uongo kwamba nilikwenda kwa toba peke yake. Nilitaka kujua. Kila Jumapili kabla ya kuondoka nilimwomba Koros afumbe macho, nikamgusa ugoko na wayo kwa unyoya wa kuku, aniambie anaposikia na asiposikia. Pale hisia ilipokoma nilichora mstari kwa mkaa. Jumapili ya kwanza mstari ulikuwa juu, karibu na goti. Ukateremka kidogo kidogo, Jumapili moja upana wa kidole, Jumapili nyingine hata kidogo haukusogea, na wiki hiyo yote nikawa mtu wa kununa. Neva hupona polepole sana, mwanangu, na haisikii maombi ya mtu mwenye haraka.

Wayo wenyewe ulikuwa bado umelala. Nyumba ilikuwa imekwisha ezekwa na kukandikwa. Jumapili moja Koros alikaa kizingitini, nikamwambia kama kawaida, amsha mguu. Akakunja uso. Kidole gumba kikainuka, kadiri ya unene wa punje ya hindi, kikashuka. Tukatazamana. Nikamwambia arudie, akarudia, kikainuka tena. Alimwita mkewe kwa lugha yao, akaja mikono ina unga, akainama kutazama kidole cha mumewe kana kwamba ni mtoto aliyezaliwa. Nililia. Sikuwahi kulia mbele ya watu tangu jandoni, ambako hata hivyo hairuhusiwi, lakini siku hiyo nililia na sikuona aibu.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Koros alikuwa anakimbiza ndama. Siku ya mwisho nilipokwenda kuaga, kwa kuwa nilikuwa nimehamishwa, Mama Chebet aliingia ndani akatoka na ile akala ya kulia, iliyolika mbele. Kwa mara ya kwanza aliniita mwanangu. Akasema, "Weka hii mahali utaiona kabla ya kuandika."

Nimeitundika ukutani juu ya kila meza niliyofanyia kazi. Wakubwa walipita wakauliza uchafu huo ni wa nini. Nilijibu kwamba ni mwalimu wangu, na wakaniona nimechanganyikiwa kidogo, jambo lililonisaidia mara nyingi.

Sasa sikiliza. Soma hicho kitabu chako, ukimalize, ukirudie. Sitaki kusikia kwamba babu alikwambia kitabu si kitu. Ningekijua ningemwokoa Koros na nyumba yake. Lakini mgonjwa akija, mwone kwanza akiingia, maana anaanza kujieleza kabla hajafungua mdomo. Muulize kazi anayoifanya, na anaifanya amekaa vipi, amesimama vipi, amebeba nini begani. Akikwambia mguu unakataa, ngoja akwambie unakataa nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ukiweza, kilalie. Na aliyekaa mlangoni muda mrefu kuliko wewe, awe ni mfagizi, awe hajui kusoma, muulize ameona nini. Kuuliza si ujinga. Mimi ujinga wangu ulikuwa katika kutouliza, na mwingine ndiye aliyelala nje kwa ajili yake.

Nyundo watakupa huko chuoni. Ile akala nimekwisha itia kwenye begi lako, chini ya kitabu. Mama yako akisema inanuka, mwambie imenuka miaka yote na haijamwua mtu.

Inama nikushike kichwa. Mungu akupe macho ya kushuka mpaka miguuni pa watu. Akupe masikio mapana na mikono myepesi. Walioanguka wasimame mbele yako, na waliosimama usiwaangushe. Na kila utakapotaka kuandika kwamba mtu ni mzima, kalamu yako na isite kidogo.